Muulize Fundi: Kompyuta inaishia njiani, je, nifute kila kitu?

Barua ya msomaji

Fundi, shikamoo.

Nakuandikia baada ya siku nne za kulala kwa mang'amung'amu. Kompyuta yetu ya nyumbani, inayotumia mfumo wa Debian 12, imegoma. Niseme vizuri: inawaka, lakini haifiki. Feni inazunguka, menyu ya mwanzo inatokea, nachagua mstari wa kwanza, halafu kioo kinabaki cheusi. Baada ya muda zinatokea nyota nyekundu zinazokwenda na kurudi, na mbele yake maneno "A start job is running for /dev/disk/by-uuid/", yakifuatiwa na herufi na tarakimu nyingi. Pembeni sekunde zinahesabiwa mpaka zifike dakika moja na nusu. Hapo maandishi yanapita mbio. Nilichoweza kudaka ni "Dependency failed" tu. Mwisho inaniambia "You are in emergency mode", na chini yake "Cannot open access to console, the root account is locked". Naambiwa nibonyeze Enter niendelee. Nikibonyeza, inatafakari kidogo, inanirudishia maneno yale yale.

Ilianza Jumamosi. Nilisasisha programu kama ninavyofanya siku zote, ikaniomba niiwashe upya, nikakubali. Kwa kawaida huwa siizimi, nailaza tu usiku na kuiamsha asubuhi, hata sikumbuki mara ya mwisho kuizima kabisa ilikuwa lini. Kwa hiyo sina shaka ni sasisho lililoiharibu. Nilijaribu kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani kupitia "Advanced options", ikawa vilevile. Nikajaribu "recovery mode", nako nikaambiwa root, akaunti ya msimamizi mkuu, imefungwa. Nimeizima kwa kushikilia kitufe mara kama kumi hivi.

Rafiki yangu amekuja na flashi. Anasema tufute diski tuweke mfumo upya, kazi ya nusu saa. Nimemkatalia, na hii ndiyo sababu: ndani ya kompyuta hiyo kuna sauti za bibi yangu. Nilimrekodi kwa miaka miwili akisimulia ukoo wetu, nani alimzaa nani, nani alihama akaenda wapi na kwa nini. Ni faili 41. Bibi bado yupo, lakini siku hizi kumbukumbu zimemtoka na masimulizi yale hayawezi tena.

Nilikuwa na mpango wa kuzinakili kwenye diski ya nje. Miezi miwili iliyopita niliipata, nikafuata maelekezo niliyoyakuta mtandaoni ili iwe inafunguka yenyewe kila kompyuta inapowaka, nikaipa jina la hifadhi. Ikafanya kazi vizuri. Lakini kabla sijanakili chochote binamu yangu akaiazima, na mpaka leo anayo. Najilaumu sana.

Nakuomba unijibu mambo mawili. Je, nimwache rafiki yangu afute? Na kama ni lazima kufuta, kuna namna ya kuzitoa sauti za bibi kwanza? Mimi si mtaalamu, ila nikielekezwa amri naweza kuiandika.

Mjukuu aliyekwama

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi: usifute. Kwa maelezo yako, sauti za bibi zipo palepale ulipoziacha, na sioni dalili hata moja kwamba diski ya ndani imeumia. Mwambie rafiki yako arudishe flashi yake mfukoni, lakini umwombe abaki, maana mkiwa wawili mmoja anasoma na mwingine anaandika.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na jibu liko ndani yake. Lakini hukuliweka pale ulipoeleza ubovu. Umeliweka mwishoni, pale unapojilaumu kwa kumwazima binamu diski.

Twende taratibu. Ulipofuata yale maelekezo ya mtandaoni uliongeza mstari kwenye faili linaloitwa /etc/fstab. Faili hilo ni orodha ya diski ambazo mfumo unatakiwa kuzifungua kila unapowaka. Mstari wako, bila shaka, unafanana na huu:

UUID=namba-ndefu /mnt/hifadhi ext4 defaults 0 2

Usome kutoka kushoto. Kwanza ni utambulisho wa diski, ile namba ndefu ambayo kila sehemu ya diski hupewa inapoumbwa. Pili ni folda ambamo yaliyomo yataonekana. Tatu ni aina ya mpangilio wa faili. Nne ni masharti ya kuifungua. Zile tarakimu mbili za mwisho ni mambo ya hifadhi ya zamani na zamu ya kukaguliwa, ziache zilivyo.

Neno linalokukwamisha ni hilo "defaults". Kwenye mfumo wa sasa, mstari wenye sharti hilo peke yake ni sawa na kuiapia kompyuta kwamba diski hii ni ya lazima, isiendelee mbele bila hiyo. Anayesimamia kazi hiyo ni systemd, programu ya kwanza kuanzishwa na kerneli, ambayo Debian iliifanya ya kawaida kwenye toleo la 8, mwaka 2015. Systemd haijui kama hifadhi yako ilikusudiwa kuwekwa sauti au ni diski yenye kumbukumbu zote za malipo za taasisi. Kwa hiyo inaisubiri sekunde 90, ndiyo ile dakika moja na nusu unayoiona ikihesabiwa. Diski isipotokea, inasimamisha safari nzima na kuita mtu. Kwa mashine ya kazini huo ni uangalifu mzuri. Programu ya hesabu ikianzishwa bila diski yake inaweza kuandika mambo mahali pasipo pake, na kusafisha uchafu huo huchukua siku nyingi. Nyumbani ndipo ukali huo unapowaumiza watu, na naona maelekezo mengi ya mtandaoni yanawadhulumu wasomaji kwa kutolitaja jambo hili.

Sasa, kwa nini ilitokea baada ya kusasisha? Hili nataka ulielewe, maana litakusaidia siku nyingine. Fstab hutekelezwa kompyuta inapowaka. Kompyuta yako ilikuwa inalala na kuamka, haiwaki upya. Binamu alipoichomoa diski, kosa lilikuwa limeshakaa tayari, ila halikuwa na mahali pa kujitokeza. Siku uliposasisha ndiyo siku ya kwanza baada ya muda mrefu kompyuta kuanza safari yake tangu mwanzo, na ndipo ikaitafuta hifadhi ikaikosa. Sasisho limesingiziwa. Na ushahidi umeuleta mwenyewe: ulichagua kerneli ya zamani, ile iliyokuwa inafanya kazi kabla ya Jumamosi, ikakwama palepale kwa namna ileile. Kerneli mpya ingekuwa na hatia, ya zamani ingekufikisha.

Kabla ya amri yoyote, kuna jaribio jepesi kuliko yote. Mpigie binamu, airudishe diski. Ichomeke, kisha uwashe kompyuta. Ikifika mpaka kwenye dirisha la kuingilia, ugonjwa tumeushika. Ila muulize jambo moja: je, aliifomati? Kuumba upya mpangilio wa diski huipa namba mpya ya utambulisho, na hapo kompyuta itaiona diski ileile imechomekwa na bado iseme haipo, kwa sababu yenyewe inatafuta namba.

Ikiwa diski haipatikani leo, mlango mwingine upo. Umefungiwa nje kwa sababu wakati wa kuweka Debian uliacha neno la siri la root bila kujazwa. Ni chaguo halali, ndilo linalokuwezesha kutumia sudo, amri inayokupa mamlaka ya root kwa neno lako mwenyewe la siri. Matokeo yake ni kwamba chumba cha dharura, ile "emergency mode", kinadai neno la siri ambalo halijawahi kuwepo. "Recovery mode" nayo inapitia mlango uleule, ndiyo maana ilikukatalia.

Fanya hivi. Washa kompyuta, ile menyu ya mwanzo, inayoitwa GRUB, ikitokea usibonyeze Enter. Weka alama kwenye mstari wa kwanza, halafu bonyeza herufi e. Utaona ukurasa wenye maandishi mengi. Shuka kwa vishale mpaka mstari unaoanza na neno linux, wenye vmlinuz ndani yake. Ni mrefu, huenda umekunjwa ukaingia mstari wa pili. Nenda mpaka mwisho wake kwa kitufe cha End. Utakuta maneno mawili: ro quiet. Yafute hayo tu, na mahali pake andika:

rw init=/bin/bash

Hakikisha kuna nafasi moja kati ya maneno hayo na kilichotangulia. Kisha bonyeza Ctrl na X kwa pamoja. Ulichobadilisha hapa ni cha safari hii moja tu. Ukikosea, zima, washa, menyu itakuwa kama ilivyokuwa jana. Usiogope.

Baada ya sekunde chache kioo kitakuonyesha mstari mfupi unaoishia na alama ya #, labda umeanza na root@(none). Hapo uko ndani, na systemd bado haijaamshwa. Hakuna dirisha, hakuna mtandao, hakuna kinachoendelea isipokuwa wewe na kibodi. Kwanza ujihakikishie roho itulie. Andika:

ls /home

Jina lako likitokea, fungua folda lako kwa ls hivyohivyo, ushuke mpaka zilipo sauti. Ukiona majina ya faili 41, vuta pumzi. Kama mlipoweka mfumo mlitenga sehemu ya pekee ya diski kwa ajili ya /home, folda litaonekana tupu. Msishtuke, maana sehemu hiyo haijafunguliwa bado kwenye hatua hii.

Sasa fungua faili lile la fstab kwa nano, programu ya kuhariri maandishi:

nano /etc/fstab

Tafuta mstari wenye /mnt/hifadhi, au jina lolote ulilolipa. Usiguse mistari mingine hata ikikukera macho, hasa ule wenye alama / pekee kwenye sehemu ya pili, maana huo ndio mfumo wenyewe. Kwenye mstari wa hifadhi badilisha defaults iwe:

defaults,nofail

Angalia mkato huo kwa karibu. Baada yake hakuna nafasi. Kwenye fstab nafasi ndiyo inayotenganisha sehemu na sehemu. Ukiweka nafasi, nofail itahesabiwa kuwa sehemu ya tano na haitasomwa kama sharti, nawe utarudi kwenye nyota zako nyekundu ukiamini dawa haifanyi kazi. Nimewahi kukaa na mtu saa mbili tukitafuta ubovu ambao ulikuwa nafasi moja tu baada ya mkato, na tulikuwa tumeupita kwa macho mara nyingi.

Nofail inamwambia systemd: diski hii ikiwepo ifungue, isipokuwepo endelea na safari. Kuhifadhi ndani ya nano bonyeza Ctrl na O, kisha Enter, halafu Ctrl na X kutoka. Ukiwa na wasiwasi na mkato, unaweza badala yake kuweka alama ya # mwanzoni mwa mstari mzima wa hifadhi. Mstari wenye alama hiyo haufuatwi kabisa, na utaurekebisha ukiwa umeshaingia.

Kutoka hapa kunahitaji adabu yake. Usiandike exit. Bash, programu ya kupokea amri uliyomo, ndiyo programu mama kwa sasa, ikifa kerneli itapiga kelele kwamba mama wa programu zote ameuawa na kila kitu kigande. Andika hizi tatu, moja baada ya nyingine:

sync
mount -o remount,ro /
reboot -f

Ya kwanza inahakikisha ulichoandika kimefika kwenye diski, ya pili inaifunga diski isiandikwe tena, ya tatu inaanzisha safari upya. Ya pili ikikataa kwa kusema kuna kitu kinatumika, rudia sync halafu endelea na ya tatu. Naamini safari hii utafika.

Ukishafika, nakuomba kwa moyo wote: kabla hujafungua kitu kingine chochote, nakili sauti za bibi. Flashi tupu inatosha. Nakala moja iende kwenye flashi, na nyingine kwa ndugu anayekaa nyumba tofauti. Zifungue hukohuko kwenye flashi, usikilize mwanzo na mwisho wa faili mbili tatu kabla ya kuamini kwamba zimekwenda.

Hapo ndipo ufungue terminali, dirisha la kuandikia amri, na kuandika sudo findmnt --verify. Amri hii inaikagua fstab mstari kwa mstari na kukuambia wapi pana kasoro. Mtu akiizoea kuitumia kila anapoligusa faili hilo, kabla ya kuzima, hatalala nje tena. Halafu ujiwekee neno la siri la root kwa sudo passwd root, ili chumba cha dharura kikufungukie siku nyingine. Wapo wanaopinga jambo hili kwa hoja za usalama. Kwa kompyuta ya nyumbani naona faida ni kubwa kuliko hatari, kwani umeshaona kwamba mtu yeyote aliyekaa mbele ya kibodi anaweza kuingia kwa njia niliyokuonyesha. Kinachomzuia mtu huyo ni diski iliyosimbwa, yaani isiyosomeka bila neno lake la siri, neno la root halimzuii.

Kuna mtego mmoja wa nofail ambao maelekezo mengi huuruka, na kwa mtu mwenye vitu vya thamani kama wewe siwezi kuunyamazia. Diski isipokuwepo, /mnt/hifadhi inabaki kuwa folda la kawaida ndani ya diski kuu. Ukinakili sauti humo ukidhani ni diski ya nje, zitakwenda kwenye diski ileile zilikotoka, na utaamini una nakala wakati huna. Baya zaidi, siku diski ya nje ikirudi itafunguka juu ya folda hilo na kuyafunika yaliyokuwemo, uyatafute usiyaone. Hayajapotea, yamefunikwa, lakini hofu yake unaijua. Kinga yake ni hii: diski ikiwa imechomolewa na folda likiwa tupu, andika sudo chattr +i /mnt/hifadhi. Kuanzia hapo folda litakataa kuwekwa kitu chochote mpaka diski halisi ifunguke juu yake.

Kuhusu ule ubonyezaji wa kitufe mara kumi. Nakuelewa, mtu akikata tamaa mkono unakwenda wenyewe. Mpangilio wa ext4 huweka daftari la mabadiliko unayofanya, na ukikatizwa ghafla husoma daftari hilo na kujipanga unapowaka tena, kwa hiyo sidhani umeharibu kitu. Lakini kila kukatiza ni bahati nasibu. Mashine ikiwa imekwama kwenye maandishi, jaribu Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja. Systemd itafunga mambo kwa utaratibu na kuwasha upya. Ikiwa haisikii, bonyeza vitufe hivyo zaidi ya mara saba ndani ya sekunde mbili, na italazimika. Kitufe cha umeme kiwe cha mwisho.

Swali lako la pili bado linadai jibu lake, hata kama sasa hulihitaji. Ndiyo, zinatoka. Flashi yenye Debian ya "live", inayoendeshwa kutoka kwenye flashi yenyewe, inaweza kuiwasha kompyuta bila kugusa diski ya ndani. Unafungua kidhibiti cha faili, unaiona diski ya ndani pembeni, unaingia home, unanakili. Mtu yeyote anayekuambia tufute kwanza, mwombe afanye hatua hiyo mbele yako kabla ya nyingine yoyote. Rafiki yako hana nia mbaya. Kufuta ndiyo dawa aliyoizoea kwa sababu huponya kila kitu, ila haichagui kati ya ugonjwa na mgonjwa.

Wapo wengine watakaosoma hapa wakiwa wamekwama mahali tofauti na wewe, na nisingependa wafuate dawa isiyo yao. Safari ya kompyuta ina vituo: programu ya ubao mkuu, kisha GRUB, kisha kerneli, kisha systemd, kisha dirisha la kuingilia. Angalia umesimama wapi. Ukibaki kwenye maneno grub rescue, GRUB imeshindwa kuyaona mafaili yake yenyewe, mara nyingi baada ya mtu kupanga upya sehemu za diski. Ukibaki kwenye neno (initramfs) ndani ya mabano, kerneli imewaka lakini haijaweza kuifungua diski kuu. Kama juu yake kuna maneno yanayotaka uendeshe fsck kwa mkono, kwa kawaida umeme ulikatika vibaya. Hapo andika fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa faili, ikifuatiwa na jina la sehemu waliyokutajia, ila usifanye hivyo kama diski inatoa mlio wa kugonga. Diski inayogonga inazimwa, na kazi ya kwanza inakuwa kuokoa data, ukarabati baadaye. Na ukifika kwenye dirisha la kuingilia, ukaandika neno la siri sahihi, likakurudisha palepale, bonyeza Ctrl, Alt na F3 uingie kwa maandishi, uandike df -h. Ukikuta diski imejaa asilimia 100, umeshapata jibu. Kila moja ya hizo inastahili siku yake.

Mwanangu, usijilaumu kwa kumwazima binamu diski. Ukikwama pale kwenye ukurasa wa GRUB, piga picha ya mstari wote wenye neno linux mpaka mwisho wake, unitumie kabla ya kubonyeza chochote. Na ukifanikiwa, niandikie uniambie zile faili 41 zote zinasikika.